Baiskeli Iliyozaliwa kwenye Vyuma Chakavu

"Kaka, hii sahau," fundi aliniambia, akiwa ameshika kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni. Mkono wake ulikuwa umekatika. Baiskeli yangu ni ya milimani, ya mtumba, yenye gia saba nyuma, na kazini naenda nayo. Nilizunguka Kariakoo siku mbili. Kila duka lina tairi, lina spoki, lina gololi. Hicho kifaa hakuna.

Nikaanza kusoma historia ya hizi baiskeli, nikacheka peke yangu. Kumbe zilianza kwa watu waliokuwa wakihangaika kama mimi.

Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakishuka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn Excelsior, nzito, zilizotengenezwa kabla hata hawajazaliwa. Breki yake ilikuwa ndani ya habu ya nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko mmoja ulishuka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na kidogo. Ukifika chini, grisi yote imeungua na kutoka moshi, inabidi ufungue habu uipake upya. Ndiyo maana mashindano yao, yaliyoanza Oktoba 1976, yaliitwa Repack.

Fremu zilivunjika, wakatafuta nyingine. Breki walitoa kwenye baiskeli za Kifaransa za watu wawili, mikono ya breki wakachukua kwenye pikipiki, gia zikatoka Japani. Joe Breeze ndiye aliyekaa mwaka 1977 akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo. Miaka miwili baadaye Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuziuza, fremu zikichomelewa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na mwaka uliofuata Shimano ikatoa Deore XT, seti ya vifaa vya milimani. Mambo ya kuokoteza yakaisha.

Na hapo ndipo shida yangu ilipozaliwa, ingawa ilichukua muda kuonekana.

Zamani mkono wa gia uliuvuta kwa kukisia, mpaka cheni ikae. Kifaa cha kampuni hii kikafanya kazi na cha kampuni ile. Katikati ya miaka ya 1980 Shimano ikaleta gia za kubofya, "tik," moja baada ya nyingine. Raha tupu, ila sasa mkono, waya, kifaa cha nyuma na meno lazima vipatane. SunTour, Wajapani waliobuni mwaka 1964 umbo la kihamisha gia ambalo karibu wote walikuja kuliiga, walichelewa kwenye hilo, na miaka ya 1990 kampuni ikaanguka. Gia saba zikawa nane, nane zikawa tisa, na cheni ikazidi kuwa nyembamba.

Tairi nazo zina ujanja wake. Ile inchi 26 ya milimani inakaa kwenye rimu ya milimita 559, urithi wa matairi manene ambayo Schwinn iliwapa watoto wa Kimarekani mwaka 1933. Inchi 26 ya baiskeli ya Kiingereza, inayoandikwa 26 x 1 3/8, inataka rimu ya 590. Namba ile ile, lakini haziingiliani kabisa. Mimi nimeshanunua isiyo yake, hela ikapotea. Siku hizi wenye viwanda wamehamia 27.5 na 29, na baiskeli mpya nzuri ya 26 ni nadra.

Kitu kimoja tu hakijabadilika kwa miaka mingi: umbali kati ya pini na pini ya cheni, nusu inchi. Fundi wangu hajui habari za Marin, wala hana haja nazo, lakini hilo analijua kwa vidole. Alikata cheni, akaifunga kwenye jino moja la katikati, akatupa mikono ya gia kwenye ndoo.

"Mlimani utashuka utembee," alisema.

Nikamlipa. Ile ndoo nilimwomba niichungulie kabla sijaondoka.