Mrisho Ngassa: Winga aliyewaacha mabeki, akanaswa na karatasi



Hapa Mlandege, Iringa, kuna swali moja linaloweza kuipooza kahawa ya kijiwe kizima bila mtu kuigusa: winga gani wa Taifa Stars alikuwa balaa kuliko wote? (Nasema Mlandege yetu ya nyanda za juu, si ile klabu ya Zanzibar iliyobeba Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024. Wao wana kombe, sisi tuna baridi!) Wenye miaka thelathini na kitu watakwambia Mrisho Ngassa. Wadogo zao watakwambia Simon Msuva. Hapo kelele zinaanza na hazina mwisho.

Leo sitaki kuamua nani mkali. Nataka tuipitie historia ya Ngassa kwa jicho ambalo kijiweni hatulitumii sana, jicho la mikataba. Mbio zake kila mtu aliziona. Lakini ukiifuata safari yake mwaka kwa mwaka utagundua kwamba njia panda zake kubwa zilikuwa mezani, penye kalamu na karatasi.

Tuanze mwanzo. Ngassa ni mtoto wa Mwanza, aliyezaliwa mwaka 1989. Soka aliikuta nyumbani, maana baba yake, Khalfan Ngassa, naye alikuwa mchezaji. Alipita Kagera Sugar kabla ya kutua Jangwani kwa Yanga, na huko nchi nzima ikamjua. Alikuwa na umbo dogo na kasi ya kutisha. Beki akimpa mita moja ya nafasi, basi tena, kilichobaki ni kumsindikiza kwa macho.

Bahati yake ilikutana na zama nzuri. Kuanzia 2006 Taifa Stars ilikuwa chini ya Mbrazili Marcio Maximo, aliyewaamini vijana na kuurudisha umati Uwanja wa Taifa. Februari 2009 Stars ikaenda Ivory Coast kwenye CHAN ya kwanza kabisa, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao. Tukafungwa na Senegal bao moja. Mechi ya pili tukawakabili wenyeji, mbele ya mashabiki wao. Tukashinda 1-0, na mfungaji akawa Ngassa. Hatukuvuka hatua ya makundi, lakini jina la kijana wa miaka 19 lilikuwa limeshavuka mipaka.

Miezi miwili baadaye alikuwa London, akifanya majaribio West Ham United, iliyokuwa chini ya Gianfranco Zola. Wadau mnaikumbuka ile presha? Mtanzania Ligi Kuu ya England! Akarudi bila mkataba.

Kijiweni tulimaliza kesi haraka: kijana mwembamba, hana misuli. Sawa, umbo lilizungumzwa. Lakini kulikuwa na ukuta mwingine ambao hata misuli isingeuvunja. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, mchezaji kutoka nje ya Ulaya alihitaji kibali cha kazi, na ili akipate bila kukata rufaa ilitakiwa awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili, na timu hiyo iwe ndani ya 70 bora za FIFA. Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo hata angewapiga chenga wote pale mazoezini, pasipoti yake ilikuwa inamkaba.

Hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Kutoka Dar mpaka London kwa hatua moja ilikuwa ni kuruka ngazi zote. Alihitaji ngazi ya katikati.

Akarudi nyumbani, na nyumbani akawa mfalme. Mei 2010 Azam ikamnunua kutoka Yanga kwa shilingi milioni 58, dau lililotajwa kuwa rekodi kwa usajili wa ndani. Desemba mwaka huo alikuwa kwenye kikosi cha Kilimanjaro Stars kilichobeba Kombe la Chalenji jijini Dar. Msimu wa 2010/11 akawa mfungaji bora wa ligi. Winga huyo, si mshambuliaji wa kati! Julai 2011 akaenda Marekani kwa majaribio Seattle Sounders na kuingizwa katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Seattle walilala 7-0, na Ngassa akarudi tena bila mkataba.

Halafu likaja lile la 2012, na hapa nawaomba tusome taratibu.

Kombe la Kagame, nusu fainali, Azam dhidi ya AS Vita ya Kongo. Ngassa anafunga bao la ushindi, halafu badala ya kushangilia na mwajiri wake, anaibusu jezi ya Yanga. Mapenzi hayo, nani atamlaumu mtu kwa kupenda? Lakini mwajiri ni mwajiri. Azam ikampeleka kwa mkopo Simba, yaani kwa mtani wa jadi wa timu aliyotoka kuibusu. Zikaja pia habari za El Merreikh ya Sudan kumtaka, na dili hilo likafa.

Angalia kilichopotea. El Merreikh si West Ham, ni kweli, lakini ilikuwa klabu kubwa Afrika, inayocheza mashindano ya CAF kila mwaka. Ile ndiyo ngazi ya katikati tuliyoizungumzia, na alikuwa na miaka 23 tu. Desemba hiyohiyo, kule Kampala, aliifunga Somalia mabao matano katika mechi moja ya Chalenji. Kipaji kilikuwa bado kinachemka.

Mwaka 2013 akarudi Yanga, na karatasi ikamdaka. Simba ilisema bado ilikuwa na mkataba naye. Suala likafika TFF, na hukumu ikawa nzito: kufungiwa mechi sita na kuilipa Simba shilingi milioni 45. Zipime na zile milioni 58 za rekodi. Klabu ilipomuuza, fedha zilikwenda kwa klabu. Karatasi zilipogongana, deni likabebwa na mchezaji.

Na bado alikimbia. Mwaka 2014, Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga iliifunga Komorozine ya Comoro 7-0 Dar na 5-2 ugenini. Ngassa akapiga mabao matatu nyumbani na matatu ugenini. Mabao hayo sita yalitosha kumweka sawa na wafungaji bora wa mashindano yote mwaka ule, ingawa Yanga ilitolewa mapema na Al Ahly kwa penalti.

Mwaka 2015 ndipo akaondoka kikweli, kwenda Free State Stars ya Afrika Kusini, iliyokuwa na kocha Mmalawi Kinnah Phiri. Alikuwa na miaka 26. Haikudumu. Mwaka 2016 akawa Fanja ya Oman, na kabla mwaka haujaisha akarejea nchini. Na alirejea wapi? Kwa jirani zetu, Mbeya City, ambako alimkuta Phiri yuleyule! Aliyetajwa na magazeti ya London akawa anavaa zambarau Uwanja wa Sokoine, saa chache tu kutoka hapa ukipita Makambako. Baadaye Ndanda ya Mtwara, kisha tena Yanga kuanzia 2018.

Sasa tuwaweke pembeni yake wawili wengine. Mbwana Samatta, mdogo kwake kwa miaka mitatu, mwaka 2011 aliondoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi walisema Kongo kuna nini? Mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, 2020 akacheza Ligi Kuu ya England na Aston Villa. London ya Ngassa alifika, ila kwa kupanda ngazi.

Na Msuva, winga mwenzake Ngassa pale Yanga, alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2017, kisha Wydad mwaka 2020. Huko akakorofishana na klabu kuhusu malipo yake. Tofauti ni hii: alikuwa na mkataba unaosomeka, akaupeleka FIFA, na FIFA ikaamua Wydad imlipe. Karatasi iliyomkaba kaka ikamlinda mdogo.

Nasema hivi si kumdharau Ngassa. Hesabu zinazotumika sana zinampa mabao 25 akiwa na timu ya taifa, na kwa winga hilo ni jambo zito. Tena yeye alitembea kabla njia haijachongwa. Hakukuwa na Mtanzania wa rika lake aliyetangulia Mazembe au Genk wa kumuuliza "kaka, hapa nisaini au nisisaini?" Msuva alikuwa na wa kumtazama, na mmojawapo ni Ngassa mwenyewe.

Ndiyo maana nawaandikia hasa nyie mnaocheza Mlandege, Kihesa na Mwangata, ambao mnaamini mbio zinatosha. Mbio zitakufikisha kwenye meza. Ukishakaa pale, hakuna beki wa kumpiga chenga. Soma kila ukurasa. Kama huelewi, nenda na mtu anayeelewa, na asiwe shabiki wa timu inayokusajili! Uliza muda ni upi, nani analipa nini, na nini kinatokea ukitaka kuondoka. Na ikija ngazi ya katikati, Sudan, Kongo au Morocco, usiicheke.

Naomba kuwasilisha.