Habari za Kuba: Waliyoyaona Wageni na Waliyoyajua Wenyeji

Ndugu wasomaji, mwawakumbuka wale wapelelezi kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wote walikwenda safari moja, wakaiona nchi moja; walakini waliporudi habari zao hazikupatana. Ndivyo ilivyo kwa habari za safari zote. Haitoshi kuuliza, “Msafiri aliona nini?” Yatupasa kuuliza tena, “Alilala nyumbani mwa nani, na ni nani aliyemwonyesha nchi?” Leo twataka kulitumia swali hilo kwa kisiwa cha Kuba, maana wageni wengi wameandika juu ya maisha ya watu wake.

Kuba ni kisiwa kirefu katika bahari ya Karibi. Marekani iko kaskazini yake, Haiti mashariki, na Jamaika kusini. Ardhi yake ina rutuba, na miwa na tumbaku hustawi sana.

Mgeni wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Christopher Columbus, aliyefika pwani yake mwezi wa Oktoba 1492. Alidhani kwamba amefika Asia, kwa hiyo alituma watu wawili waende bara kumtafuta mfalme mkuu. Mmoja wao, Luis de Torres, alichaguliwa kwa sababu alijua Kiebrania na Kiarabu. Mfalme hawakumwona. Waliona kijiji cha nyumba zipatazo 50, na watu waliowapokea kwa heshima nyingi. Njiani walikutana na watu wenye kuvuta moshi wa majani yaliyokunjwa, nayo ndiyo tumbaku. Watu wa nchi walilala katika vitanda vya nyavu vilivyotundikwa, na chakula chao kimoja kilikuwa mkate wa muhogo. Hata muhogo tuulao sisi asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioileta mbegu yake Afrika.

Columbus aliusifu sana upole wa watu wale. Lakini alikuwa akitafuta dhahabu, na waliomfuata waliitafuta kwa nguvu zaidi. Kabla ya kupita miaka 100, wengi sana wa wenyeji walikuwa wamekwisha kufa kwa magonjwa ya kigeni na kwa kazi ngumu. Wazee wetu husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Huko Kuba mgeni alikuja, wala mwenyeji hakupona.

Waspanyola wakaleta watumwa kutoka Afrika. Baada ya watumwa wa Haiti kuwaondokea mabwana zao mwaka 1791, biashara ya sukari ilizidi kukua Kuba, na watumwa walioletwa wakazidi kuwa wengi. Watu wa kisiwa walipohesabiwa mwaka 1841 walipita 1,000,000, na katika hao watumwa walikuwa zaidi ya 436,000. Wengine walitolewa hata pwani ya Msumbiji, nao huko Kuba wakaitwa Macuá. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwetu sisi, tulio na ndugu Wamakua hapa Tanzania.

Sasa tuwasikilize wageni wa siku zile za sukari. Mtaalamu Mdachi, Alexander von Humboldt, alifika mji wa Havana mwezi wa Desemba 1800. Aliusifu uzuri wa bandari, kisha akaeleza jinsi watu walivyotembea katika matope mpaka magotini, na jinsi nyama kavu ilivyonuka katika njia za mji. Walakini jambo aliloliona kuwa zito kuliko yote ni utumwa, naye aliulaani waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1826. Mwaka 1856 Mmarekani mmoja, J. S. Thrasher, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza huko New York. Ile sura ya utumwa akaiacha. Humboldt, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 86, alikasirika, akatangaza katika gazeti la Berlin kwamba sehemu ile iliyoachwa ndiyo aliyoithamini kupita hesabu zote za kitabu. Hapo twajifunza kwamba hata msafiri akisema kweli, mkono wa mwingine waweza kuipunguza.

Wageni wengi waliofuata walipenda kueleza maisha ya Havana. Waliandika habari za madirisha makubwa yasiyo na vioo, ila vyuma, ambapo mabibi walikaa jioni wakizungumza na wapitao. Waliandika habari za gari lililoitwa volante, lenye magurudumu mawili makubwa, likivutwa na farasi aliyepandwa na mtumwa. Mtumwa huyo alivikwa koti la mapambo na viatu virefu. Bibi akienda kununua nguo hakushuka garini. Mwenye duka alitoka na vitambaa, akamwonyesha hapo njiani. Habari hizi ni za kweli na zapendeza kusomwa. Lakini mtazameni tena yule aliyempanda farasi. Wageni walilieleza koti lake. Mawazo yake hawakuyauliza.

Bibi Fredrika Bremer, Mswidi, alifika mwaka 1851, akakaa katika mashamba ya miwa karibu na Matanzas. Yeye alitazama zaidi. Aliona kwamba wakati wa kukamua miwa kinu hakilali usiku wala mchana, na watumwa wapata saa chache tu za usingizi. Aliona nyumba yao iliyofungwa kwa ufunguo usiku. Tena huko Havana alikwenda kutazama mikutano ya Waafrika, ambako kila kabila lilikuwa na chama chake, na ngoma, na mfalme wake.

Mwaka 1859 alikuja Richard Henry Dana, mwanasheria wa Boston. Yeye alijitilia shaka mwenyewe, na neno hilo ni adimu kwa wasafiri. Alionya kwamba mtu akija na barua za kumjulisha kwa mabwana wema, akala mezani pao na kusikia mazungumzo yao, asipoona minyororo wala damu, atadhani kwamba ameuona utumwa wote. Kumbe ameuona ukumbi tu.

Basi, ni nani aliyekiona chumba cha ndani? Wahenga walisema, “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.” Wako watu wawili waliokilalia kitanda kile, na maneno yao yamehifadhiwa.

Wa kwanza ni Juan Francisco Manzano, aliyezaliwa mtumwa. Hakuna aliyemfundisha kuandika. Aliokota vikaratasi vilivyotupwa vyenye mwandiko wa bwana wake, akaziiga herufi, hata alipokatazwa. Mwaka 1835 aliandika habari za maisha yake, mapigo na vifungo alivyovipata. Mwaka uliofuata rafiki zake walichanga fedha wakamkomboa, na mwaka 1840 maneno yake yakapigwa chapa London kwa Kiingereza.

Wa pili ni Esteban Montejo. Alikuwa mtumwa katika mashamba ya miwa, akatoroka, akakaa peke yake msituni mpaka utumwa ulipokwisha. Mwaka 1963, alipokuwa mzee aliyesemwa kuwa amepita miaka 100, mwandishi Miguel Barnet alianza kumwuliza habari zake, na kitabu kikatoka mwaka 1966. Montejo alieleza nyumba ya watumwa wapatao 200, yenye mlango mmoja uliofungwa usiku, joto jingi, na viroboto na kupe na funza. Mithali yetu imetimia hata kwa wadudu.

Walakini hakusema mabaya tu. Alisema kwamba watumwa wengi waliokolewa na vishamba vidogo nyuma ya nyumba ile. Humo walipanda viazi vitamu, maboga, bamia, mahindi, mihogo na karanga, wakafuga na nguruwe. Wakulima wa jirani walikuja na maziwa, wakabadilishana nao mazao. Siku ya Jumapili walioga mtoni, wakapiga ngoma. Wageni waliziona ngoma, wakasema, “Watu hawa wana furaha.” Montejo aliijua furaha ile, na aliujua mlango uliofungwa baadaye.

Hatusemi kwamba wageni ni waongo. Bila Bremer na Dana tungalikosa mengi, na mzee akumbukaye mambo ya miaka 80 iliyopita naye aweza kusahau. Twasema kwamba shahidi mmoja hatoshi, na yule asiyeulizwa mara nyingi ndiye ajuaye.

Utumwa wa Kuba ulikoma mwaka 1886, miaka 13 baada ya kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja. Nchi zetu nazo zimeandikwa na wasafiri waliolala katika hema zao wakala na machifu. Ni wangapi walioketi na mwanamke atwangaye, au na mpagazi aliyewachukulia mizigo? Wale wazee hawako tena, lakini wajukuu zao wako nasi, na baadhi ya maneno yao bado yasemwa jioni. Basi, msomaji, tafuta daftari na kalamu, uende kwa mzee aliye jirani yako. Usimwulize habari za wakubwa tu. Mwulize babu yake alikula nini, alifanya kazi kwa nani, na usiku mlango ulifungwa na nani.