Neno la Watoto Watatu wa Fatima



Wapendwa wasikilizaji, huenda baadhi yenu mmepata kuitazama sinema ya mwaka 1952 isimuliayo habari za Mama Yetu wa Fatima, iliyotengenezwa na kampuni ya Warner Bros. ya Marekani na kuongozwa na John Brahm. Ndani yake yumo mtu aitwaye Hugo, mwenye mizaha mingi na moyo mwema, ambaye anasimama upande wa watoto watatu wachungaji. Watazamaji humpenda sana. Lakini Hugo hakupata kuishi duniani. Alibuniwa na watunzi wa sinema. Basi tukimwondoa Hugo, ni nani aliyesimama na watoto wale?

Tarehe 13 Mei 1917, huko Cova da Iria katika nchi ya Ureno, Lucia dos Santos mwenye umri wa miaka 10 alikuwa akichunga kondoo pamoja na binamu zake, Francisco Marto wa miaka 8 na Jacinta wa miaka 7. Walisema wamemwona Bibi mwenye kung'aa, aliyewaagiza warudi pale tarehe 13 ya kila mwezi hadi Oktoba. Maria Rosa, mama yake Lucia, hakusadiki. Alimpiga binti yake akimtaka akiri kuwa amedanganya. Tukumbuke kwamba mama huyo hakuwa adui wa dini. Alikuwa mcha Mungu, naye aliogopa uongo nyumbani mwake.

Tarehe 13 Agosti mtawala wa wilaya, Artur de Oliveira Santos, aliwachukua watoto kwa hila mpaka Vila Nova de Ourém, akitaka wamwambie siri waliyopewa. Lucia aliandika baadaye kwamba walifungiwa pamoja na wafungwa, wakatishiwa kutumbukizwa katika mafuta yachemkayo. Jacinta alilia kwa kumtamani mama yake. Kisha wakapiga magoti kusali Rozari, na wafungwa wakapiga magoti pamoja nao. Siri hawakuitoa. Wakarudishwa makwao tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria.

Tarehe 13 Oktoba maelfu kwa maelfu walikusanyika pale katika mvua, na wengi walishuhudia kwamba jua lilionekana likizunguka. Hata hivyo Kanisa halikufanya haraka. Liliwahoji watoto na mashahidi, likangoja. Askofu wa Leiria alitangaza tarehe 13 Oktoba 1930 kwamba maono hayo yanastahili kusadikiwa, ingawa mwamini halazimishwi kuyasadiki kama anavyoisadiki Injili. Francisco alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1919, na Jacinta mwaka 1920. Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu huko Fatima tarehe 13 Mei 2017. Lucia aliishi utawani hadi mwaka 2005, akafariki akiwa na umri wa miaka 97.

Ndugu wazazi na makatekista, mtoto akituletea neno zito, ziko njia mbili za kumwangamiza. Moja ni kumtisha mpaka anyamaze. Nyingine ni kumshangilia na kumtangaza mpaka majivuno yampoteze. Kanisa lilishika njia ya tatu, nayo ni kusikiliza, kuuliza kwa upole, na kungoja kwa subira.

Nasi mara nyingi hatutaletewa habari za maono. Tutaletewa habari za mtoto anayepigwa bila kosa, anayelala njaa, au anayeonewa na mtu mzima tunayemheshimu. Je, tutamwambia kuwa anadanganya kabla hajamaliza kusema?

Wale watatu hawakuwa na Hugo wa kuwatetea gerezani. Watoto wa jumuiya zetu wanaye nani? Bwana aliyemweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake atujalie masikio ya kusikia na ujasiri wa kusimama karibu nao. Amina.