Stesheni ya Kishi

Stesheni ya Kishi ni stesheni ndogo ya treni katika mji wa Kinokawa, mkoa wa Wakayama, Japani. Ndiyo mwisho wa njia ya Kishigawa, inayoendeshwa na kampuni ya Wakayama Electric Railway. Inajulikana duniani kwa sababu ya Tama, paka aliyefanywa stesheni masta mwaka 2007.

Njia na muundo

Njia ya Kishigawa ina urefu wa kilomita 14.3 na stesheni 14, kutoka Wakayama mjini hadi Kishi. Safari nzima huchukua takriban nusu saa. Ni reli ya umeme, na upana wake ni milimita 1,067, sawa na ule wa TAZARA. Kishi ina jukwaa moja tu. Abiria wa kila siku ni wanafunzi na wafanyakazi wanaokwenda mjini. Eneo la jirani ni la wakulima, na linasifika kwa stroberi.

Historia

Sehemu ya kwanza ya njia ilifunguliwa mwaka 1916, na waliokusudiwa kuitumia ni pamoja na mahujaji wa mahekalu matatu ya Kishinto. Reli ilifika Kishi mwaka 1933. Baadaye njia ikawa mikononi mwa kampuni ya Nankai, ambayo iliamua kuiacha kwa sababu ya hasara. Wakazi walipigania treni yao isiondolewe, serikali za mitaa zikakubali kusaidia, na tarehe 1 Aprili 2006 Wakayama Electric Railway ikaanza kazi. Ili kubana matumizi, Kishi ilibaki bila mfanyakazi.

Tama

Tama, paka jike wa rangi tatu aliyezaliwa mwaka 1999, alikuwa wa mwenye duka la jirani. Kibanda alimokuwa akilala kilipotakiwa kuondolewa, mwenyewe alimwomba rais wa kampuni, Mitsunobu Kojima, amruhusu paka huyo kuishi stesheni. Januari 2007 Kojima alimpa cheo, kofia ya kazi na mshahara wa chakula cha paka. Kazi yake ilikuwa kupokea abiria. Watalii wakafurika, hata kutoka nje ya Japani, na stesheni isiyokuwa na mtu ikawa kivutio.

Tama alikufa tarehe 22 Juni 2015. Maelfu walihudhuria mazishi yake ya Kishinto, na hekalu dogo likajengwa stesheni kwa heshima yake. Nafasi yake ilichukuliwa na paka Nitama, yaani "Tama wa pili".

Jengo

Jengo la sasa lilifunguliwa Agosti 2010. Msanifu Eiji Mitooka aliliezeka kwa magome ya mti, kama mahekalu ya kale ya Japani, akalipa paa lenye masikio na madirisha yanayofanana na macho, hivi kwamba ukilitazama kwa mbele unaona uso wa paka. Mitooka ndiye pia aliyebuni treni za njia hiyo, zikiwemo ya stroberi na ya Tama.