Waliohesabiwa kwa Vibanda

Siku hizi vijana wengi wa Nairobi wanatafuta asili zao. Wengine wamefungua akaunti kwenye zile tovuti za ng'ambo ambako unaandika jina la babu yako na mwaka aliozaliwa, halafu unasubiri. Mwingereza akifanya hivyo hupata kitu, kwa sababu sensa ya kwao imekuwa ikiandika majina ya watu wote wa nyumba tangu 1841, na ikishapita miaka 100 hufunguliwa kwa umma. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Sasa Mkenya naye anaandika jina la babu ya baba yake, anabonyeza, na jibu ni sufuri. Anabadilisha herufi mbili tatu, anajaribu tena. Sufuri. Anafunga kompyuta akiamini ukoo wake ulimezwa na ardhi.

Shida ni kwamba anautafuta mahali ambapo haukuwahi kuandikwa. Serikali ya kikoloni ilifanya sensa mwaka wa 1911, 1921, 1926 na 1931, na zote zilikuwa za Wazungu, Wahindi, Waarabu na wengineo waliokuwa wakiitwa wasio wenyeji. Mwenyeji mwenyewe hakuulizwa jina wala umri. Sensa ya kwanza kujaribu kuwahesabu Waafrika wote wa nchi hii ilikuja 1948, miaka 53 baada ya Uingereza kutangaza himaya yake hapa. Ilipata watu takriban milioni 5.4 kwa jumla, wengi kuliko serikali ilivyokuwa ikikadiria. Na hata hiyo, kilichochapishwa ni jumla za wilaya na makabila. Kama mzee wako alifariki 1947, usimtafute huko.

Lakini kabla ya 1948 serikali ilizipata wapi zile hesabu zake za wenyeji? Kwa vibanda.

Kodi ya nyumba ilianza 1901, ikitozwa kwa kila kibanda. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, kwa wanaume wazima ambao hawakuwa na kibanda cha kulipia. Chifu au mzee wa kijiji alipita na karani, vibanda vikahesabiwa, na jina la mwenye kulipa likaandikwa. Ofisi ya wilaya ilipotaka kujua ina watu wangapi, ilichukua idadi ya vibanda ikazidisha kwa idadi ya watu waliodhaniwa kulala katika kila kimoja. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya watu.

Ebu fikiria maana yake kwa anayetafuta nyanya yake. Mume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, kwa hivyo daftari lina jina moja, la mume, na mbele yake tarakimu 3. Nyanya yupo pale. Ni sehemu ya ile tarakimu. Hana jina, hana ukoo aliotoka, hana watoto, lakini shilingi zake zimeingia hazina. Tena sehemu nyingi wake walijibana katika nyumba moja wakati wa ukaguzi ili familia ilipe kidogo, kwa hivyo mwaka mmoja mzee ana nyumba tatu na mwaka unaofuata ana mbili. Mtafiti wa leo akiona hivyo anaandika kwamba mke mmoja alikufa. Kumbe mama wa watu yuko jikoni kwa mke mwenzake, anangoja karani aondoke!

Wanawake ndio waliopotea zaidi, na upotevu wenyewe ulidumu muda mrefu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Kipande kilikuwa cha wanaume. Kitambulisho kilichokirithi kipande nacho kilibaki cha wanaume, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1978 ili wanawake nao wasajiliwe. Mimi huwaambia watu wasianze na babu. Waanze na nyanya, kwa mdomo, angali hai au wangali hai waliomjua, kwa kuwa babu anaweza kungoja kwenye makaratasi na nyanya hawezi.

Hicho kipande chenyewe ni hazina chungu. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kutembea nacho, kwenye kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ndani kulikuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole, kisha jina la kila mwajiri, kazi, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Asiyetiwa sahihi ya kuachishwa alihesabiwa mtoro. Kwa hivyo mtu anayetoweka kwenye daftari la kodi la Kiambu au Murang'a miaka ya ishirini mara nyingi hajafa. Amekwenda Naivasha au Nakuru kuwa skwota kwenye shamba la mzungu, na huko anaandikwa kama kibarua, chini ya jina la shamba. Familia nyingi bado zina vile vikasha, vimewekwa pamoja na hati za shamba na picha za harusi. Kama chenu kipo na karatasi bado iko ndani, ipige picha leo, kwa maana wino huo unafifia.

Kuna ambao hata kipande hawakukifikia. Vita vilipoanza 1914, jeshi la Waingereza lilihitaji mabega ya kubeba risasi na unga hadi upande wa Wajerumani, na likakusanya wapagazi kwa maelfu kutoka kila wilaya iliyofikika. Ndio Kariakoo. Pale Kariokor tunapokula nyama choma na kununua viondo pamebeba jina lao, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vifo vyao vilivyoandikwa rasmi vinapita 40,000, wengi wakiuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi, na wanahistoria wanaona idadi kamili ilikuwa kubwa zaidi. Upande wa mama yangu kuna mzee aliyekwenda nao asirudi. Tunachojua ni kwamba alichukuliwa kutoka shambani na kwamba mke wake mdogo alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa, naye alipokuja kupata mwana akampa jina la yule mzee, kama desturi inavyotaka, na jina hilo limeendelea kuzunguka hadi leo lina wenyewe wanne. Serikali ina vitabu na haina jina lake. Sisi hatuna kitabu na jina tunaliita kila siku, tukituma mtoto dukani.

Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kuhusu watu kama yeye. Ilikubali kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina yao, au hawakuenziwa kabisa. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu ya wanaume watatu iliyowekwa kwa ajili yao. Magari hupita. Ukilisoma lile jiwe utapata maneno mazuri kwa lugha kadhaa. Jina la mpagazi hata mmoja hulipati.

Pwani mambo ni mengine kidogo. Watumwa waliookolewa na meli za Waingereza walipewa makao Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, tangu 1875. Mtu aliyezaliwa Myao au Mmakua alibatizwa akatoka na jina la Kizungu, na la kwanza likaachwa baharini. Kumbukumbu za wamisionari wale ziko Birmingham, na mjukuu wa Kengeleni akitaka kumfuata babu yake inambidi amtafute kwa jina ambalo mama yake babu hakuwahi kulisikia.

Wala hili si jambo la udadisi tu. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikaa miongo mingi bila vitambulisho kwa kuwa babu zao hawakuonekana kwenye orodha yoyote ya wenyeji. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa. Karatasi ambayo karani hakuiandika enzi za mkoloni inaweza kumzuia kijana wa leo kufungua laini ya simu.

Sasa ukienda pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, usiulize sensa. Uliza kesi za ardhi, za yale mabaraza ya wazee. Na uliza Tume ya Ardhi ya 1932, ile ya Carter. Tume ilisikiliza wazee wa mbari moja baada ya nyingine, wa Kiambu hasa, kila mmoja akieleza ni nani aliyeinunua githaka yao, kwa mbuzi wangapi, na akarithiwa na nani, hadi kwa yule aliyekuwa akiilima mzungu alipofika. Ushahidi wao ulichapishwa kwa majuzuu matatu makubwa. Mzee ambaye serikali haikuwahi kumhesabu alisimama mbele yake akamtaja baba yake, na baba ya baba yake, na mto uliokuwa mpaka, na karani safari hii akalazimika kuandika kila jina.