Ureno haikuhalalisha dawa za kulevya. Tusome historia kabla ya kuinukuu (uzi)

1/ Kila msimu wa siasa, mmoja anasimama jukwaani anasema "tuhalalishe bangi tulipe madeni." Mwingine anamjibu "mnataka kumaliza vijana wetu!" Halafu huku mtandaoni mtu anaangusha ile kauli: "Ureno walihalalisha kila kitu na mambo yakawa shwari." Si kweli, wadau. Nipeni dakika tano.

2/ Marufuku yenyewe ilianza wapi? 1912, nchi chache zilitia sahihi mkataba wa kasumba pale The Hague. 1961, Umoja wa Mataifa ukaleta mkataba mmoja mkubwa: kasumba, kokeini na bangi ziwe za tiba na sayansi tu. Wakati huo sisi hata uhuru hatukuwa nao. 1971, rais wa Marekani akatangaza matumizi mabaya ya dawa kuwa adui nambari moja. 1998, mataifa yakakutana New York yakasema kufikia 2008 kilimo cha kasumba, koka na bangi kitaisha ama kipungue sana. 2008 ikaja, ikapita.

3/ Sasa Ureno. Udikteta uliangushwa Aprili 1974 na nchi iliyokuwa imejifungia ikafunguka ghafla. Heroini ikaingia. Kufikia miaka ya 90, makadirio yalikuwa kama watu 100,000 wenye shida ya heroini, kwa taifa la watu milioni 10 hivi. Mtaa wa Casal Ventoso, Lisbon, watu walikuwa wanajidunga sindano peupe. Virusi vya UKIMWI vikasambaa kupitia hizo sindano. Na hii haikuwa shida ya mtoto wa maskini pekee. Karibu kila familia ilikuwa na mtu wake.

4/ Hapo ndipo siasa ikabadilika. 1998 serikali iliita kamati ya wataalamu, ikasikiza ushauri wao, na bunge likapitisha sheria mwaka wa 2000. Ilianza kazi tarehe 1 Julai 2001.

5/ Sheria inasema nini? Ukipatikana na kiasi cha kukutosha siku 10, huendi korti ya jinai. Polisi wanakunyang'anya na kukupeleka mbele ya jopo la watu watatu, wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanaweza kukuelekeza kwa matibabu, kukutoza faini, ama kukuachilia. Lakini kuuza? Bado ni jela. Kwa hivyo dawa hazikuhalalishwa. Kilichoondolewa ni jinai kwa mtumiaji. Waliohalalisha soko la bangi ni wengine, kama Uruguay (2013) na Kanada (2018).

6/ Matokeo: maambukizi mapya ya UKIMWI kwa wanaojidunga yalishuka sana. Lakini msitoroke na nusu ya hadithi. Pamoja na sheria, Ureno iliweka pesa kwa methadoni, sindano safi na wahudumu wa kutembea mitaani. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo kazi ilifanyika.

7/ Ushahidi? Angalia jimbo la Oregon, Marekani. 2020 wapiga kura walikubali kuondoa jinai. Ukishikwa ni faini ya dola 100, na ukipiga simu ya ushauri inafutwa. Wachache sana walipiga. Pesa za matibabu zikachelewa, fentanili nayo ikaingia kwa kishindo. 2024 jimbo lilirudisha jinai. Walibomoa ukuta kabla ya kujenga mlango.

8/ Hata Ureno yenyewe, 2012, mfuko ulipokauka, taasisi iliyosimamia matibabu ilivunjwa na kazi yake ikagawanywa. Wengi waliofanya kazi hiyo walilalamika.

9/ Kwetu je? Sheria yetu ni ya 1994, ikarekebishwa 2022, na msokoto mmoja wa kujivutia bado ni kosa la jinai. Lakini tangu 2014 kuna methadoni kule Mathari, baadaye ikafika Pwani, ambako unga umemaliza watoto wa watu. Yaani mkono mmoja wa serikali unamtibu mtu, mwingine unamtia seli. Mtu ataendaje kliniki kama anaogopa kushikwa njiani?

10/ Kwa hivyo mgombea akikwambia "tufanye kama Ureno", usishangilie na usizomee. Muulize mawili. Unaongea juu ya kuhalalisha soko, ama kumtoa mtumiaji kwa jinai? Na kliniki ziko kwa bajeti gani, kaunti gani, kuanzia lini? Akishindwa na la pili, anakuuzia Oregon kwa jina la Ureno. Kwa wanaosema "fungeni wote", swali ni moja: tangu 1961, ni nchi gani imemaliza dawa hizi kwa jela? Nitajieni hapo chini.