Kutoka Makunduchi hadi Ijwi

Mwaka 1960, wakati sisi Kongo tunashangilia uhuru, wasomaji wa Afrika Mashariki walikuwa wanapokea riwaya iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, alikuwa ameshinda nayo tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957 hadi 1958. Kwa hesabu yangu, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa hapo, kisiwani.

Nimefundisha Goma muda mrefu, katika shule ambazo mtoto husoma kwa Kifaransa, kisha hutoka nje akacheza kwa Kiswahili. Vitabu vya Kiswahili hunifikia kwa mikono ya madereva wanaoleta mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Kigali. Nilipowasomea wanafunzi habari za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Abdulla, mvuta kiko, na rafiki yake Najum, mmoja aliuliza: "Mwalimu, uyu Bwana Msa iko polisi?" Si polisi. Hana bunduki wala hati ya kumkamata mtu. Ana macho na subira. Darasa zima lilinyamaza, maana mtoto wa Goma amezoea kuona mwenye silaha ndiye anayeamua nani ana kosa.

Husemwa kwamba Abdulla alimfuata Sherlock Holmes, na kweli asili ya kiko kile inajulikana. Lakini mimi naona kazi yake ya kwanza ilimfunza zaidi. Alipomaliza shule mwaka 1938 alikuwa mkaguzi wa afya, na miaka kumi baadaye akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mkaguzi wa afya huingia uani, huchungulia kisima, huona nani analala wapi na jirani yupi hasemi na mwenzake. Mwenye maarifa hayo, tena kisiwani ambako kila mgeni ameonekana akishuka chomboni, hana haja ya kubuni mengi. Ndiyo maana fumbo katika vitabu vyake mara nyingi ni la ukoo: nani mtoto wa nani, mali ilipita kwa nani. Jambo lililofichwa zamani ndilo linaloua leo.

Nasi tuna kisiwa chetu. Mashua hutoka bandari ya Goma kwenda Ijwi, nchi ya Bahavu na Bambuti, zikarudi zimejaa mananasi. Wanaoshuka nazo sokoni wamebeba historia ambayo hakuna riwaya ya Kiswahili ninayoijua iliyoigusa. Karne ya 19 Kigeri Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, alikivamia kisiwa hicho, akamshinda Mwami Kabego, akajiwekea makao huko. Mwaka 1895 akafa ghafla Ziwa Kivu, akiwa katika safari ya vita dhidi ya ufalme wa Bushi. Mwaka uliofuata mrithi wake, Rutarindwa, akapinduliwa huko Rucunshu. Kisha wakaja Wazungu na ramani zao: mkataba wa Brussels wa 1910 ukaipa Ubelgiji Ijwi, Wajerumani wakakiteka kisiwa Septemba 1914, wakakipoteza 1916.

Mwanahistoria David Newbury alikaa Ijwi miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee, na kitabu chake kuhusu koo za kisiwa kikatoka 1991, kwa Kiingereza. Namshukuru sana. Ila mwanahistoria analazimika kusimama pale ushahidi unapokoma. Mwandishi wa riwaya anaweza kupanda mtumbwini na kuketi karibu na maiti ya mfalme. Akiwa mtu wa hapa, asianzie ikulu. Aanzie kwa wapiga makasia, watu ambao hakuna aliyewaomba ushahidi.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wenye bibi na babu Ijwi nimewapa kazi ya likizo yenye swali moja: ni ukoo gani uliokuwa ukivusha wafalme ziwani?